Dobi aliyepotea kati ya Zaburi mbili

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa chumba cha kufulia cha hospitali unafunguliwa kwa teke, maana mikono ya anayeufungua imejaa shuka. Ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mabega mapana, gambuti miguuni na aproni ya plastiki inayokaribia kugusa sakafu.

Anazisukuma shuka ndani ya tumbo la mashine, anaubana mlango wa chuma kwa goti, anafungulia mvuke. Mashine inaguna, inatikisika, inaanza kuzunguka. Inapoanza yenyewe, na midomo yake inaanza.

Hazungumzi na mtu. Haimbi. Anasoma kitu ambacho hakipo mbele yake, kwa mwendo mmoja, sauti haipandi wala haishuki, kama mtu anayepita njia ambayo miguu yake imeizoea. Juu ya mashine kuna saa mpya yenye tarakimu nyekundu, inahesabu dakika kurudi nyuma. Haiangalii.

Saa inalia. Yeye anainyooshea kidole kimoja, kama anayemwambia mtoto asubiri wakubwa wamalize. Anasema mistari minne iliyobaki, ndipo anafungua koki maji machafu yatoke.

"Imeniwahi," anasema, akijifuta jasho kwa mkono wa gauni. "Hii saa ina pupa. Zaburi haina pupa."

Hapa wote wanamwita Shangazi, hata matroni ambaye ndiye mkubwa wake. Amefua shuka za hospitali hii kwa miaka ishirini na tisa. Na kwa miaka yote hiyo, mpaka wiki tano zilizopita, chumba hiki hakikuwa na saa. Saa ilikuwa yeye.

Ile ya mashine aliikuta imekufa siku alipoajiriwa. Za ukutani zilitundikwa tatu, kwa nyakati tofauti, na zote mvuke ulizijaza maji tumboni. Saa ya mkononi ni marufuku, pamoja na pete na bangili, kwa sababu shuka za hospitali huja na damu na mengine yasiyotajwa wakati wa kula. Simu zinaachwa nje, kwenye kabati.

Lakini shuka lazima ichemke muda wake. Ukiitoa mapema, inarudi wodini na ugonjwa wa aliyeilalia jana. Ukiichelewesha, inachakaa, na baada ya mwezi ukiigusa kwa kidole, kidole kinatokea upande wa pili.

Dobi aliyemtangulia, bibi ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na dawa yake. "Aliniuliza, unajua Zaburi? Nikamwambia naijua ile ya mchungaji na kondoo, kama kila mtu. Akasema, hiyo inatosha kumimina sabuni. Zilizobaki nitakufundisha."

Alimfundisha mwaka mzima. Ile ya mchungaji ni ya sabuni. Ya tisini na moja ni ya kumwaga maji. Ya mia na thelathini na sita ni ya kusuuza. Na ya mia na kumi na tisa, ndefu kuliko zote, yenye mistari mia moja sabini na sita, ni ya gauni za upasuaji, ambazo hazitaki mzaha.

"Hakuniuliza hata siku moja kama ninaziamini," anasema Shangazi. "Aliniuliza kama ninakwenda mwendo mmoja. Ukikimbia, umekosea. Ukisinzia, umekosea. Alikuwa anasimama nyuma yangu na fimbo ya kukorogea, nikipandisha mwendo ananigusa kisigino."

Mzigo mmoja una kilo thelathini. Kwa siku ni mizigo kumi na minne. Zamani walikuwa watu sita, sasa wamebaki wawili, yeye na mpiga pasi wa chumba cha pili. Mkono wake wa kulia una makovu saba ya mvuke, na kila moja analijua mwaka wake.

Anazijua Zaburi thelathini na moja kwa kichwa, neno kwa neno. Mtu angedhani huyu ni mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Mwenyewe anatikisa kichwa.

"Ukiniuliza Zaburi fulani inasema nini, nitakuambia dakika zake. Hilo ndilo ninalolijua. Mimi nilikuwa ninasali au ninafua? Sijui. Kwa miaka ishirini na tisa sikujiuliza, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda."

Mara moja tu alishtuka. Alipofiwa na shemeji yake, waliomba asome Zaburi makaburini. Akasoma ile ya tisini na moja, vizuri, bila kitabu, watu wakalia. Alipomaliza, mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe kutafuta koki ya maji.

"Walidhani ninachukua udongo nitupie kaburini. Mtu akanipa koleo. Nikatupia."

Katika mafundisho ya yule dobi mzee kulikuwa na Zaburi moja iliyokatazwa: ya mia na kumi na nane. Haikuwa na ubaya wowote. Tatizo lake ni kwamba inaanza kwa maneno yaleyale yanayoanza ile ya kusuuza, ya kumshukuru Bwana kwa kuwa ni mwema. Na si kuanza tu, inaishia kwa maneno hayohayo pia.

Maana yake, mtu anayesoma kwa mazoea akiteleza pale mwanzo, anaingia kwenye ile iliyokatazwa bila kujua. Akifika mwisho wake, anajikuta amesimama tena mwanzo. Anaanza upya. Anaweza kuzunguka hivyo kama punda wa kinu mpaka atokee mtu wa kumtoa.

"Yule bibi aliniambia, hiyo kaisome kanisani. Humu usiilete, mlango wake wa kuingilia ndio wa kutokea, na wa kutokea ndio wa kuingilia. Nikacheka. Miaka ishirini na tisa sikuileta."

Wiki tano zilizopita, siku ya Jumanne, aliileta.

Jumapili iliyotangulia ilisomwa kanisani kwao, na anadhani ilimganda kichwani kama wimbo wa harusi ya jirani. Jumanne hiyo, mzigo wa tatu ulikuwa mablanketi na shuka za wodi ya wanaume. Ulikuwa umeshachemka, umebaki kusuuzwa. Akafungulia maji baridi, akaanza Zaburi yake.

"Kuanza ninakumbuka," anasema. "Kumaliza sikumbuki."

Chumba cha pili ndicho cha kukaushia na kupiga pasi. Humo anakaa mpiga pasi, mwanamke wa miaka arobaini na mbili ambaye mdomo wake una moto kuliko pasi yake. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akimtania mwenzake. Mzigo ukichelewa kidogo, atapaza sauti kutoka huko: "Shangazi, Mungu wako leo ana kigugumizi?" Kanisani alikuwa akienda kwenye harusi tu, tena za chakula kizuri.

Siku hiyo alingoja shuka mpaka akachoka. Pasi imepata moto, meza ni tupu. Anakadiria ilikuwa karibu nusu saa. Akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akatoka kwenda kugomba.

"Shangazi! Umelala umesimama kama farasi?"

Hageuki. Midomo inakwenda, mashine inasuuza, maji yanamwagika kwenye mfereji yakiwa meupe kama ya kunywa.

Mpiga pasi akamshika bega, akamtikisa. "Aliniangalia kama mtu aliyetolewa kisimani," anasimulia. "Halafu akaniuliza mimi, eti, ya ngapi hii?"

"Ya ngapi nini? Mimi ndiye nijue? Shuka zangu ziko wapi?"

Hapo ndipo bomba la mvuke lilipopasuka kule chumba cha pili.

Halikulia kama bomu, wanasema wote wawili. Lilisema "shhh", kama mtu mkubwa sana anayewanyamazisha watoto, na halikukoma. Chumba kikawa cheupe. Rangi ya ukuta juu ya meza ya pasi ikamenyeka kama ganda la kiazi. Fundi alipofanikiwa kufunga mvuke na watu wakaweza kuchungulia, kile kiti cha plastiki kilikuwa kimelegea miguu ya mbele. Kimepiga magoti.

Hakuna aliyeungua. Mmoja alikuwa ametoka kuja kugomba. Mwingine, ambaye kwa saa ile kila siku huwa ndani akitundika shuka chini ya bomba lenyewe, alikuwa bado anasuuza.

Kabla ya saa sita hospitali nzima ilikuwa na jibu. Wauguzi walikuja kumshika mikono. Mgonjwa mmoja wa wodi ya wanaume alitembea na dripu yake mpaka mlangoni, akamtazama, akarudi. Mpiga pasi, yule wa harusi za chakula, alikaa kwenye ngazi akilia na kurudia jambo moja: "Mungu alimzuia huyu ili nitoke mimi. Mungu alimzuia huyu ili nitoke mimi."

Jumatano mchungaji alifika nyumbani. Akamwomba Shangazi asimame Jumapili atoe ushuhuda, watu wajue kwamba Zaburi zina nguvu.

"Siku mbili nilikuwa na raha," anasema Shangazi. "Nilisema, kumbe miaka yote hii Mungu alikuwa anasikiliza. Kumbe sikuwa ninahesabu dakika peke yangu. Nililala usingizi wa mtoto."

Alhamisi akaja fundi wa boila.

Fundi ni mtu mpole mwenye mafuta ya mashine mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anaandika taarifa yake, na alihitaji kujua jambo dogo tu. Shangazi anakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno, kama anavyokumbuka kila kitu isipokuwa ile nusu saa.

"Shangazi, muda ule mashine yako ilikuwa inafanya nini?"

"Inasuuza."

"Kwa muda gani?"

"Mwenzangu anasema nusu saa."

Fundi akaacha kuandika. "Suuza inatumia maji baridi, Shangazi. Haivuti mvuke."

"Najua."

"Na boila ilikuwa imewaka kwa nguvu zote. Sasa ule mvuke hukuutumia, haukuwa na pa kwenda. Ungemaliza kwa wakati wako, ukaanza mzigo wa nne kwa maji ya moto, mashine ingeunywa, presha ingeshuka."

"Kwa hiyo nimelipasua mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema labda." Akakuna kichwa kwa kalamu. "Vali ya kutoa presha ilikuwa imekwama. Bomba lenyewe lina miaka ishirini na sita, kiungo chake kimeoza. Lingeweza kupasuka hata presha ikiwa ndogo, wewe ukiwa umesimama chini yake. Lingeweza pia kukaa mwaka mwingine. Mimi ni fundi. Labda ndipo ninapoishia."

Tangu siku hiyo, kichwa cha Shangazi hakijatulia. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anahesabu kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji.

"Ningewahi, labda lisingepasuka kabisa. Au lingepasuka, nami nipo chini. Nilichelewa, likapasuka, nami nipo nje. Je, lilipasuka kwa sababu nimechelewa, au nimechelewa kwa sababu lilitaka kupasuka? Ukiyapanga hivi, unampata Mungu. Ukiyapanga vile, unampata mwanamke msahaulifu aliyekaribia kumuua mwenzake. Na mambo ni yaleyale. Sijaongeza, sijapunguza."

Msahaulifu ni neno analoliogopa. Mama yake mzazi alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaishia kuwauliza watoto wake wao ni watoto wa nani. Na kazini kuna kanuni: mtu mwenye shaka ya kumbukumbu haruhusiwi karibu na mvuke. Atapelekwa kwa daktari, na kutoka kwa daktari atapelekwa nyumbani.

Shangazi amebakiza mwaka mmoja na miezi minne astaafu kwa heshima yake. Mume wake, fundi seremala, aliacha kazi miaka mitatu iliyopita mgongo ulipomshinda. Nyumba inasimama kwa mshahara mmoja.

Matroni alikuwa amempa fomu ya kuirudisha Jumatatu. Katikati ya ukurasa palikuwa na kisanduku chenye maneno "Sababu ya kuchelewa", na mistari miwili mitupu.

Kwa hiyo alikuwa na siku nne za kuchagua. Aseme Mungu alimshika, aheshimiwe kanisani na labda aachwe kazini, lakini aseme jambo ambalo hana hakika nalo, tena kwa jina la Mungu. Au aseme alisahau, na akili yake iwekwe mezani mbele za watu.

Mpiga pasi hakuona ugumu uko wapi. "Shangazi, sema Mungu," alimsihi. "Mungu hafukuzwi kazi."

"Na kama ni mimi niliyelipasua?"

"Basi Mungu alikutumia kulipasua."

"Sasa alitaka kutuokoa na nini, kama bila mimi lisingepasuka?"

Mpiga pasi akafikiri sana. "Unajua," akasema, "ulipokuwa unahesabu dakika ulikuwa huna maswali haya. Rudi ulikotoka."

Jumamosi alasiri akamweleza mumewe, ambaye alikuwa kibarazani akikaza mguu wa kiti cha jirani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, misumari mitatu mdomoni, kisha akaitoa mmoja mmoja.

"Umekula leo?"

"Nimekula."

"Ngozi yako yote unayo?"

"Ninayo."

"Shukuru."

"Ninashukuru nini, baba watoto, nisichokijua? Na kama kosa ni langu?"

"Basi tubu na ushukuru kwa mkupuo mmoja, umpunguzie Mungu foleni." Akarudisha misumari mdomoni. Lakini Shangazi anasema jioni hiyo mume wake aliinuka mara mbili kitini, akaja kumtazama tu, kisha akarudi kukaa.

Jumapili aliitwa mbele. Kanisa lilijaa, hata wauguzi wa zamu walikuja na sare zao. Mpiga pasi alikaa benchi la kwanza, amevaa kitambaa kipya kichwani, leso mkononi tayari.

Shangazi alishika kipaza sauti kama anavyoshika koki. Alisema hivi, na waliokuwapo wanakubaliana kuhusu kila neno, kwa sababu yalikuwa machache:

"Jumanne nilipotea kati ya Zaburi mbili. Bomba likapasuka mahali ambapo mimi na mwenzangu tungekuwa. Hatukuungua. Fundi anasema labda kupotea kwangu ndiko kulikolipasua. Mimi sijui. Mungu anajua, ila hajaniambia. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa ninajazia."

Akarudisha kipaza sauti.

Mchungaji alikipokea, akakitazama, akasema "Amina" kwa sauti ya mtu anayeuliza. Watu wakaitikia vivyohivyo. Kwaya, iliyokuwa imeandaliwa kuimba wimbo wa ushindi, ilitazamana, ikaimba hata hivyo, lakini polepole.

"Ulinikata maini," mpiga pasi alimwambia nje. "Nilikuwa nimeshaandaa machozi."

"Yatunze. Kesho ninakwenda kwa matroni."

Kwenye kile kisanduku cha fomu Shangazi aliandika maneno matano: "Nilipotea kati ya Zaburi mbili." Matroni aliyasoma, akavua miwani, akaifuta, akayasoma tena.

"Shangazi, huko juu nitawapelekea nini? Hapa wanataka sababu."

"Hiyo ndiyo."

"Ni kumbukumbu, au ni nini?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nipime."

Matroni hakuwa na kipimo cha jambo kama hilo. Akafunga mlango, akavua saa yake, akaiweka mezani. "Soma ile ndefu. Mwendo wa kazini."

Shangazi akasoma ya mia na kumi na tisa, mistari yote, akiwa amesimama na mikono nyuma. Nje simu ililia ikanyamaza. Ilichukua dakika kumi na saba na sekunde sita. Matroni akamwita tena Jumanne, na tena Jumatano. Tofauti kati ya siku na siku haikufika sekunde kumi. Maneno aliyafuata kwenye kitabu kwa kidole, na hakupata hata moja lililoruka.

"Akili yako ni nzima kuliko yangu," matroni alisema siku ya tatu. "Sasa ulipoteaje?"

"Ndilo swali langu, mama."

Matroni akafungua droo, akatoa karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Zilikuwa maombi ya fundi ya kununua vali mpya, ya mwaka huu, ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Mawili alikuwa ameyakataa kwa mkono wake mwenyewe.

"Ukitafuta aliyelipasua," alisema, "panga foleni nyuma yangu."

Vali ikanunuliwa. Bomba likabadilishwa. Saa yenye tarakimu nyekundu ikafungwa juu ya mashine, ndani ya kisanduku cha kioo kisichopitisha mvuke. Shangazi akaachwa kwenye mashine yake, bila daktari na bila barua.

Kwa hiyo kila mtu ametua mzigo wake. Mpiga pasi anakwenda kanisani kila Jumapili na anajua aliyemwokoa. Fundi ana vali. Matroni analala. Aliyebaki na mzigo ni yule aliyesema ukweli, na haoni haya kulisema hilo.

"Watu wanafikiri nimepoteza imani. Hapana. Zamani sikuwa na shida na Mungu kwa sababu tulikuwa hatuongei, tulikuwa tunafanya kazi pamoja kama watu wa zamu moja. Sasa hii saa inahesabu. Shuka hazinihitaji nisome. Nikianza kusoma, ninaisikia sauti yangu. Sasa ninasema na nani? Zamani ningesema ninafua."

Jaribio la kwanza lilikuwa kunyamaza. Wiki moja nzima alikaa kimya mbele ya mashine akitazama tarakimu nyekundu. Mpiga pasi ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akatoka chumba cha pili na pasi mkononi.

"Shangazi, sema kitu. Ukinyamaza ninaona kama bomba linavuta pumzi."

Akaanza tena. Lakini sasa kuna mahali anasimama. Anakutana na mstari aliousema mara elfu kadhaa, na kwa mara ya kwanza unamwambia kitu. Anatoa mfano wa ile ya kusuuza. Humo, anasema, Mungu anashukuriwa kwa kuumba jua na kwa kupiga wafalme, yote kwa pumzi moja. Na karibu na mwisho anashukuriwa kwa kuwapa chakula wote wenye mwili.

"Nimekula miaka hamsini na minane. Huo mstari ulikuwa wa kukaribia kufunga maji. Sikuwahi kufikiri ni mimi niliyekula."

Kisha, kabla mtu hajadhani amepata jibu, anaongeza: "Lakini wapo wenye mwili ambao hawakula jana. Hao nao wanausoma vipi? Unaona? Nikifungua mlango mmoja, unatokea mwingine."

Mpango wake ni mdogo. Amebakiza mwaka mmoja na miezi mitatu, anataka kuumaliza bila kovu la nane. Akistaafu, ataanza Zaburi ya kwanza hadi ya mwisho, nyumbani, bila mashine, kwa mwendo wowote utakaokuja. Mumewe ameahidi kusikiliza, kwa sharti kwamba ile ndefu igawanywe kwa siku nne.

Kwa sasa anajifunza zile fupi, ambazo yule dobi mzee hakumfundisha kwa sababu hazitoshi hata kuloweka leso. Moja ina mistari mitatu tu. Ni ya mtu anayesema hajishughulishi na mambo makubwa yanayomshinda, ametuliza nafsi yake kama mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa.

"Nilipoisoma nikasema, hii ni yangu. Halafu nikakumbuka kwamba kutwa nzima ninajishughulisha na mambo yanayonishinda." Anacheka, meno ya mbele mawili hayapo. "Basi bado si yangu. Ninaiazima."

Na kuna jambo jingine analolifanya, ambalo hakumwambia mchungaji. Kila asubuhi kabla ya kuvaa gambuti, anakaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia Mungu maneno mawili, moja baada ya jingine. Asante. Samahani.

"Moja ni la kweli," anasema. "Lipi, sijui. Nimemwachia achague. Lile lisilo lake, natumaini halitamuudhi, kwa sababu nimelisema kwa moyo uleule."